Yangeyange na Kidole Gumba

Siku walipokuja kuchora X nyekundu ukutani kwake, Ponsiano alikuwa chooni, na hilo lilimuuma kuliko hiyo X. Miaka ishirini na miwili amekaa na maneno yake kifuani, akiisubiri serikali ije mlangoni ayamwage. Imekuja, yeye yuko chooni. Alitoka mbio akifunga mkanda, akakuta gari limeshageuza, rangi inachuruzika ukutani mpaka kwenye beseni la vyombo, na karatasi imechomekwa kwenye komeo.

Karatasi haikuwa na salamu. Nyumba yako iko ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ardhioevu. Una siku thelathini za kuhama, au za kuleta utetezi wako pamoja na vielelezo mbele ya mkutano wa kijiji.

Ponsiano aliishia darasa la nne huko kwao Urambo, lakini barua ya serikali haimshindi kusoma mtu mwenye hasira. Aliisoma mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, na msikilizaji wake alikuwa mbuzi, maana tangu mkewe Mwanajuma afariki hakuwa na mwingine wa kumsomea.

"Ardhioevu! Umesikia? Bwawa hili kijiji kizima cha Janga tunaliita bwawa. Masika linajaa, kiangazi linabaki kidimbwi cha kunawia miguu. Leo wamelipa jina la ofisini, kesho watalipa na mshahara."

Mbuzi alikula kona moja ya karatasi. Huyo ndiye alikuwa mtu pekee aliyekubaliana na Ponsiano mwaka ule.

Kwa kulaumu walioko juu, Ponsiano alijulikana kuanzia Janga mpaka Kwa Mathias, mjini Kibaha. Mvua ikichelewa, ni wao. Mvua ikizidi, ni wao vilevile. Kuku wake akitagia kwa jirani, alitafuta kiongozi wa kubeba lawama. Kifo cha Mwanajuma ndiyo kabisa. Kila aliyekuja kumpa pole alisimuliwa jinsi walivyofika zahanati siku ya Jumapili na presha imempanda mama wa watu, wakakuta kufuli. Alilisimulia lile kufuli mpaka watu wakalijua rangi yake. Kitu ambacho hakumsimulia mtu ni kwamba Mwanajuma alianza kulalamika kichwa tangu Alhamisi, na Ponsiano akamwambia ni jua, anywe maji alale.

Sasa walikuwa wanaitaka nyumba. Vyumba viwili, bati zenye kutu, wala si nyumba ya kumtoa mtu machozi. Ila ilikuwa na baraza, na barazani ndipo Mwanajuma alipokaa miaka yote akisuka ukili wa mikeka. Mkeka wake wa mwisho, ambao haujaungwa, ulikuwa bado umening'inia kwenye boriti. Kaburi lake liko Msimbu, Kisarawe, kwa ndugu zake. Huko Ponsiano akienda anawekewa kiti na soda kama mgeni. Barazani pale ndipo pekee palipobaki ambapo angeweza kukaa na mkewe bila kukaribishwa. Wakibomoa, basi amefiwa mara mbili.

Kwa hiyo akapanga vita. Barua ilitaka vielelezo, naye vielelezo angevileta. Sheria ilisema mita sitini kutoka ukingo wa maji. Maji yenyewe, kiangazi kile, yalikuwa hatua mia na kumi kutoka mlangoni kwake. Alizihesabu mwenyewe, akinyoosha miguu kama askari wa gwaride. Angepiga picha za matope matupu, makavu, yasiyo na uhai. Angewaonyesha kwamba pale hapana ardhi wala oevu.

Kamera ilikuwepo. Binti yao Stellamaris, anayefanya kazi Mbeya, alikuwa amemnunulia mama yake simu ya kioo ili awatumie wateja picha za mikeka. Ponsiano aliirithi simu hiyo kama alivyorithi mbuzi: bila maelekezo. Alijua kuibofya ipige, na alijua kutazama alichokipiga. Kurudi nyuma zaidi, kule ziliko picha za mikeka ya marehemu, hakuthubutu.

Siku ya kwanza alikwenda saa sita mchana, jua la kichwani, saa ambayo hata Kwa Mathias pangeonekana jangwa. Akatafuta tope baya kuliko yote, akaelekeza simu, akabofya. Papo hapo ndege mdiria akashuka kutoka juu kama jiwe la buluu, akapiga maji, akainuka na samaki mdomoni. Ponsiano alipotazama kioo, tope halikuonekana. Palikuwa na mstari wa buluu, na matone ya maji yamesimama hewani kama shanga zilizokatika.

"Pumbavu," akamwambia mdiria. "Nani kakuita?"

Siku ya pili alipata matope yaliyopasuka vizuri, makavu, ya kuhuzunisha. Akayapiga kwa furaha. Jioni barazani akagundua kwamba juu ya yale matope kuna nyayo za ndege, nyembamba, zimepishana huku na huku, utadhani fundi cherehani amepita na sindano. Siku ya tatu alitaka kulikwepa yungiyungi lililochanua peke yake kidimbwini, akarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu akaikalia ndani ya maji. Simu ikajibofya wakati anaanguka. Picha hiyo ilikuwa na mbingu, mikindu imesimama kichwa chini, na kundi zima la ndege yangeyange linaruka, jeupe, mbawa zimepenyezwa na jua. Ilikuwa nzuri kuliko zote, na ndiyo aliyoipiga kwa makalio.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Ponsiano alijiambia ushahidi lazima uwe kamili, akaanza kwenda hata alfajiri. Alijua sasa kulastara, yule wa shingo ndefu, anasimama wapi, na kwamba ukimsogelea kwa mbele anaondoka, ukizunguka nyuma ya matete anakusamehe. Alijua vyura wananyamaza kwa zamu. Alijikuta anapumua polepole ili asiwashtue, yeye ambaye hakuwahi kupumua polepole hata kanisani. Na kila alipobofya alijikumbusha kwa sauti: "Hapa hamna kitu. Hamna kitu kabisa."

Kilichomvuruga hasa ni mnana, yule ndege wa manjano anayefuma kiota. Alikuwa kwenye mkindu wa nyuma ya jiko, umbali wa kurusha kijiko. Alikuwa anachana jani la mkindu kwa mdomo, ananyofoa uzi mmoja mrefu sawasawa, kama Mwanajuma alivyokuwa akichana kwa ukucha wa kidole gumba. Amefuma, amefuma, amening'inia kichwa chini anatikisa mbawa amwite mke. Mke akaja. Akaingia, akatoka, akavuta uzi huu, akavuta ule, akaruka zake. Hakuaga. Mnana dume akatulia kidogo, halafu akaanza kukibomoa kiota chake mwenyewe, uzi baada ya uzi, akahamia tawi la juu, akaanza upya.

Ponsiano alimtazama mpaka ugali ukaungua.

Maana yeye pia aliwahi kuambiwa. Miaka ishirini na miwili iliyopita, walipopewa kile kiwanja kirefu kinachopanda kutoka bondeni, Mwanajuma alisimama juu kwenye kichuguu, mkono kiunoni, akasema, "Baba Stella, jenga hapa. Huko chini kuna mikindu, na mkindu hauoti pasipo maji." Ponsiano akamjibu kwamba Wanyamwezi walikuwa wanajenga wakati Wazaramo bado wako ngomani. Akajenga chini. Ukweli aliujua yeye na tope lenyewe: alijenga chini kwa sababu pale ndipo alipofyatulia matofali, na alikuwa mvivu wa kuyabeba.

Wiki moja kabla ya mkutano, shemeji yake Shomari akaja kutoka Msimbu na kiroba cha mihogo. Shomari ni kaka wa marehemu, Mzaramo wa kuzaliwa, kwa hiyo kwa Mnyamwezi kama Ponsiano ni mtani, na mtani hapigi hodi kwa adabu.

"Nani kafa humu?" alipaza sauti tangu njiani. "Mbona nyumba imewekewa msalaba uliolala?"

"Umekuja kula, sema umekuja kula."

"Nimekuja kuzika. Nikasikia Mnyamwezi wetu kavuliwa kibanda, nikasema niende nikachukue mabati kabla wenzangu hawajafika." Akabwaga kiroba, akakaa barazani, akautazama ule mkeka ulioishia njiani. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Watu wanasema siku hizi unawinda vyura."

Ponsiano akampa. Shomari alitazama picha moja moja, ya mdiria akaitazama mara tatu.

"Shemeji," alisema mwishowe, "hivi wewe unamtetea nani? Nyumba au ndege?"

"Nyumba! Hizo za ndege zimejipiga zenyewe. Nitapeleka kumi na mbili tu, za matope."

"Mimi ningekuwa hakimu, kwa picha hizi ningekuhamisha wewe na mkoa mzima, wabaki ndege."

"Ndiyo maana hawakukupa uhakimu. Wangempa uhakimu Mzaramo, kesi zingesikilizwa baada ya ngoma."

"Na wewe baba zako walibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka Bagamoyo, wewe matofali yalikushinda kupanda kichuguu hiki hapa! Mwanajuma alitusimulia. Tulicheka msiba mzima."

Ponsiano hakujua msiba huo ulikuwa wa nani, na hakuuliza.

Siku mbili kabla ya mkutano alipanda bodaboda mpaka Kwa Mathias, kwenye kibanda cha steshenari anakokaa binti mmoja aitwaye Recho, kati ya duka la vipuri na muuza chipsi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nataka kusafisha picha. Kumi na mbili, za matope."

Recho alichomeka waya, picha zikajaa kwenye kioo cha kompyuta, na kidole chake kikasimama. "He! Babu, hizi kali! Huyu wa buluu nani kapiga?"

"Amejipiga."

"Acha masihara. Njoo uone!" akamwita muuza chipsi, naye akaja na kijiko chake kinachotona mafuta. "Huyu babu ni noma. Ona ndege walivyotulia."

Muuza chipsi alisema picha kama zile yeye huziona kwenye kalenda. Hapo ndipo Ponsiano alipoharibikiwa. Tangu Mwanajuma afariki, miezi kumi na tisa, hakuna binadamu aliyemsifia kwa lolote. Alisikia kifua kinapanda. Akajikohoza, akaegemea kaunta kama mtaalamu.

"Siri ni kuvumilia," alisema. "Kulastara humwendei kwa mbele. Basi, safisha zote."

"Zote?"

"Zote za bwawa. Nitazitenga mwenyewe."

Recho alikuwa na foleni ya watu wa picha za pasipoti. Akapekua simu kuanzia mwisho mpaka mwanzo, kila alipoona bwawa akachagua, akatoa, akatia bahasha moja nene ya kaki, akaifunga kwa gundi. Ponsiano aliibeba kifuani mpaka nyumbani. Kutenga hakutenga. Miwani yake ilikuwa na jicho moja, na kusema kweli aliona raha kuishika bahasha nene kuliko bahasha nyembamba.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Wazee wakakalishwa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakawafika kidevuni, na Ponsiano akaona hapo hapo kwamba ni hila: serikali haipendi kubishana na mtu aliyekaa vizuri. Mbele, mezani, alikaa mwenyekiti wa kijiji, Telesphory, na kando yake afisa mazingira, mwanamke wa makamo aitwaye Margareth, amevaa buti za mpira zenye matope. Zile buti zilimkera Ponsiano. Alikuwa amejiandaa kupambana na viatu vinavyong'aa.

"Shikamoo mzee Ponsiano," Margareth alisema. "Karibu, tunakusikiliza."

Ponsiano alikuwa amepanga kusema maneno machache. Lakini maneno ya miaka ishirini na miwili yakiona mlango hayapangi foleni. Alianza na mbolea ya ruzuku, akapita kwenye barabara ya Janga, akafika kwenye zahanati, akalisimulia kufuli. Watu wa nyuma walilisema pamoja naye: "la shaba, lenye kutu pembeni." Akahamia bwawa.

"Mnasema ardhioevu! Mmekuja kwa gari, mmeona nyumba ya mjane wa kiume, mkasema huyu hana wa kumsemea. Pale ni matope! Hakuna uhai! Ushahidi huu hapa!" Akaibwaga bahasha mezani kwa kishindo, vumbi la chaki likaruka. Aliporudi kulikalia dawati lake ndipo alipokumbuka kwamba humo ndani wamo ndege arobaini na kitu.

"Mwenyekiti," alisema haraka, "naomba nichambue kidogo..."

"Kielelezo kikishafika mezani ni cha mezani, mzee," alisema Telesphory, na kuichana.

Margareth akatoa ya kwanza. Matope. Ya pili, matope. "Hapa pakavu kweli," alisema, na Ponsiano akavuta pumzi. Ya tatu alikuwa mdiria.

Margareth aliielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Alimpa Telesphory. Telesphory akaishika mbali, akaishika karibu, akawapa kina mama wa mbele. Picha zikaanza kutembea madawatini, yungiyungi, nyayo, mbingu iliyopigwa kwa makalio, na darasa likajaa sauti za watu wanaovutana mikono.

"Hii ni Janga?"

"Si bwawa la kwa Ponsiano hili? Ona mikindu."

"Nimezaliwa hapa," Telesphory alisema taratibu, "na kila siku napita pale na baiskeli. Sijawahi kumwona huyu bata."

"Si bata, ni kulastara!" Ponsiano aliruka. "Bata na kulastara wapi na wapi? Tazama shingo!"

"Ahsante mzee," Margareth alisema, anaandika. "Na hawa weupe?"

"Yangeyange. Wanafika saa kumi na mbili na robo, wanalala kwenye mikindu ya upande wa..." Akajishtukia. Shomari, kwenye dawati la nyuma, alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika.

"Kwa hiyo uhai upo."

"Wanapita tu. Wasafiri hao."

"Na hivi viota?"

"Wapangaji," Ponsiano alisema.

Darasa likacheka. Akaona ameshindwa upande wa ndege, akakimbilia upande uliobaki. Akasimama, goti likagonga dawati. "Sawa! Ndege wapo, na wawepo. Lakini sheria ni ukingo wa maji, na maji yako mbali. Tangu nimejenga, sikilizeni wote, tangu nimejenga maji hayajafika kwangu. Hata tone! Niapishwe!"

Margareth alikuwa amefika kwenye picha ya mwisho. Aliitazama kwa muda, mdomo ukimcheza kama wa mtu anayezuia chafya, halafu akaigeuza ili darasa lote lione.

Ilikuwa baraza yake. Masika ya mwaka fulani, na maji yametanda barazani kama kioo, maua ya yungiyungi yameelea mpaka kwenye nguzo. Katikati, kwenye kiti chake cha uvivu kilichozama hadi nusu ya miguu, amelala mwanamume, kofia ya pama imemfunika uso, tumbo limepanda. Mguu mmoja umening'inia, na kidole gumba kinagusa maji. Mbele ya kidole hicho, hatua moja tu, amesimama yangeyange mweupe pe, shingo ameikunja, anakikodolea macho kidole gumba kwa makini kabisa, kama mteja asiyejua kama samaki huyu ni mzima au ni wa jana.

Kwanza shingo zikarefuka madawatini. Kisha mama mmoja wa mbele akatoa kicheko chembamba, na darasa zima likapasuka. Telesphory alilaza kichwa mezani. Watu walicheka mpaka madawati yakasogea.

Ponsiano hakucheka. Alikuwa hajawahi kuiona picha ile. Alikuwa amelala.

"Mzee Ponsiano," Margareth aliuliza kelele zilipopungua, "hii ni nyumba yako? Huyu ni wewe?"

Uso haukuonekana. Kofia za pama ziko nyingi Kibaha. Baraza zenye nguzo mbili ziko nyingi zaidi. Shomari aliona upenyo kabla yake, akasimama.

"Afisa, huyo si shemeji," alisema, uso mkavu kabisa. "Namjua miaka ishirini na tano. Shemeji hana mguu msafi namna hiyo. Huyo ni mtu wa Bagamoyo huko."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii walicheka huku wanamtazama Ponsiano, na wengi walikuwa wanamtakia mema. Ilimtosha kusema "si mimi". Nani angebisha? Telesphory mwenyewe alikuwa anatazama dari. Ponsiano akaenda mezani kuichukua picha, apate nafasi ya kufikiri.

Karibu, aliona zaidi. Aliona kwenye ukingo wa picha, upande wa kushoto, ukili umening'inia kwenye boriti, na ncha yake imetoka na ukungu kwa kutikisika, kama kitu kilichoachiwa ghafla na mtu aliyekimbilia simu. Picha ilikuwa imeinama upande. Mwanajuma alikuwa akicheka alipoipiga. Hakuna njia nyingine ya kuinamisha picha vile. Alisimama palepale, na maji miguuni, akamwona mumewe anakoroma juu ya mafuriko ambayo alishamwambia yatakuja, na badala ya kumwamsha na kumwambia "si nilikwambia", akampiga picha. Wala hakumwonyesha. Labda alikuwa akiitazama peke yake, siku ambazo Ponsiano alikuwa anawasema walioko juu. Sasa Ponsiano akisema si yeye, basi hata aliyesimama pale na simu hakuwepo.

"Ni mimi," alisema.

"Sema kwa sauti, mzee, tuandike."

"Ni mimi! Na kidole ni changu. Aliyepiga ni mke wangu." Akairudisha picha mezani. "Aliniambia nisijenge pale. Alisimama kwenye kichuguu akaniambia. Serikali haikuwepo siku hiyo. Nilikuwepo mimi."

Alitaka kuendelea. Alitaka kusema na kuhusu Alhamisi, lakini hilo halikutoka. Aliketi nalo kwenye dawati la darasa la pili, magoti kidevuni.

Margareth alivua miwani akaifuta. Alisema ukingo wa maji ni pale yanapofika masika, na masika yanafika barazani, kwa hiyo nyumba haiwezi kubaki. Lakini kiwanja cha mzee kinapanda juu, hakuna wa kumnyang'anya. Apewe miezi mitatu ajihamishe mwenyewe, asivunjiwe. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama anaweza kubaki na nakala ya picha ile ya mwisho. Anazunguka vijijini kueleza faida za ardhioevu, watu husinzia, na hii wasingesinzia.

"Mmechukua nyumba," Ponsiano alisema, "sasa mnataka na kidole."

"Kidole utabaki nacho, mzee. Picha tu."

"Basi andikeni jina la mpigaji. Mwanajuma. Wa Msimbu."

Kubomoa, yeye na Shomari walianza Jumatatu. Ponsiano alipanda juu ya paa mwenyewe, akang'oa misumari mmoja mmoja akiinyoosha kwa nyundo, bati baada ya bati, na kwenye mkindu wa nyuma ya jiko mnana dume alikuwa tayari ana kiota kipya, na mke ndani. Alimtazama Ponsiano kwa jicho la mtu aliyemaliza kazi hiyo zamani. Ukili wa marehemu ulishuka wa kwanza, umekunjwa ndani ya shuka, na boriti ile ikabebwa nzima, maana itakuwa boriti ya baraza mpya. Ponsiano aliibeba kichwani peke yake mpaka juu, Shomari nyuma yake akipiga kwa mdomo ngoma ya wapagazi.

Siku ya kupima walivuta tepu kutoka ilipokuwa baraza ya zamani. Mita sitini ziliishia hatua tatu kabla ya kichuguu. Shomari aliitazama tepu, akakitazama kichuguu.

"Na dada hakuwa na tepu," alisema.

"Pima tena. Tepu zenyewe za siku hizi ni za kichina." Walipima tena. Hatua tatu.

Masika yaliyofuata yalimkuta Ponsiano juu, pakavu, kwenye baraza ambayo haijapakwa chokaa. Maji yalitanda pale ilipokuwa nyumba, na yungiyungi likachanua palipokuwa chumbani. Asubuhi moja alishuka na kiti cha uvivu, akakizamisha kwenye maji, akakaa, kofia usoni, akaning'iniza mguu. Shomari, aliyekuja kula mihogo ya watu, alikuwa nyuma ya matete na simu.

Walikaa saa nzima. Yangeyange walikuja kumi na wawili. Wakatembea huku na huku, wakala vyura, wakachunguza kila kitu isipokuwa kidole gumba.

"Wanakuja?" Ponsiano alinong'ona chini ya kofia.

"Mmoja amekutazama."

"Na?"

"Ameondoka. Shemeji, nadhani tatizo huna usingizi. Unajifanya."

"Nyamaza upige."

"Koroma basi kidogo, labda ndiyo walikuwa wanakufuata kwa mkoromo."

Ponsiano akakoroma. Ndege wote kumi na wawili wakaruka kwa mpigo mmoja, wakapita juu ya kichuguu, na Shomari, kwa kucheka, akabofya simu ikiwa imegeukia uso wake mwenyewe.